Ramani yenye televizyo ilivuta

Wifi yangu Emérita hana matako ya kukaa. Ninasema vile juu ninamupenda, na mwenye hapendi niseme aende akapike kwake. Utamuwekea kiti, atakaa kidogo, kisha atasimama kuangalia batri. Utamupa sahani ya fufu na sombe, atakula tonge mbili, kisha atakimbia kuona kama majani haijafunika plaki ya jua. Hata ku misa anasimamaka nyuma, karibu na mulango. Siku moja Padiri alimuuliza: "Mama Naomie, unamungojea nani?" Akajibu: "Ninaangalia mvua, Padiri." Watu wakacheka mpaka komunyo.

Miye ni Elisabeth, dada ya Fiston, bwana yake. Ninauzaka mafuta ya mawese ku njia hapa Kashebere, mulango kwa mulango na kinyumba ya kazi ya Emérita. Maisha yake ninaijua kuliko Fiston, juu Fiston anashindaka ku piki-piki, na akirudi anaulizaka tu chakula iko wapi.

Emérita alizaliwaka upande wa Kibabi, kule ku vilima, kwa watu wa maharagi na ng'ombe. Baba yake ni Papa Callixte, muntu mufupi, wa maneno kidogo, lakini ile kidogo iko na uzito. Mama yake alikuwa Mama Thacienne. Walimusomesha mpaka diplome, kisha akaenda Goma kwa shangazi yake kujifunza mashini. Kule njo alijua Linux. Kwa wenye hawajui: ordinateri iko na kitu ndani yenye inaiamsha na kuiendesha. Watu wengi wako na ile ya kulipia. Linux haiombi kulipiwa, na virusi zenye wateja wanaletaka ku clé USB haziishike. Emérita alirudi na mashini moja nzee na ka-ekra, kioo yake ya kuangalia, ya mraba, akafungua kinyumba yake. Anaandikia watu barua, anatoa nyimbo za korali ku karatasi, anachaji simu. Mashini ikikataa, anafungua dirisha nyeusi, anaandika amri zake na vidole vyenye vinakimbia kuliko kuku ya kufukuzwa, huku anaitukana pole pole mu luga ya kwao.

Alipoolewa kwetu, kulikuwa mabishano. Papa Callixte alitaka ng'ombe. Baba yangu, Papa Floribert, akasema: "Mukwe, siye watu wa pori, ng'ombe tutatoa wapi? Tuko na mbuzi, na tuko na nyama ya kuchoma." Wakacheka, wakakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, mambo ikaisha. Tena ilionekana Mungu mwenyewe alipanga, juu mashamba ya baba yangu na ya Papa Callixte inagusana ku kilima kimoja, kule juu, mbele ya kufika Kibabi. Wazee wawili walikuwa wanasalimiana kila asubuhi na majembe ku mabega.

Kisha ile mvua ya mwaka jana ikakuja, na kilima ikashuka. Ilibeba miyenzi yote, ile miti ya maziwa yenye siye tunapandaka mustari kwa kuonyesha mupaka. Ilibeba maharagi. Na ilibeba Mama Thacienne, mwenye alikuwa anapalilia. Tulichimba, siye wa huku na wao wa kule, watu wa makanisa yote, mpaka mikono ikatoka damu. Hatukumupata. Mpaka leo iko mule, mu ile kovu nyekundu yenye unaiona ukipita njia.

Ungefikiri msiba itaunganisha watu. Ahaa! Miezi haikupita mingi, vita ya mupaka ikaanza. Papa Callixte anapanda miyenzi mupya asubuhi, mangaribi baba yangu ameng'oa. Baba yangu anapanda yake, kesho haiko. Wakaacha kusalimiana. Ng'ombe mbili zikipigana, majani njo inaumia, na majani alikuwa Emérita. Kwa bwana yake walikuwa wanamuangalia sawa mupelelezi, kwa baba yake vile vile. Akakonda. Usingizi ikamukimbia.

Njo akawaza jambo moja. Akaita wazee wote wawili, na kapita, mukubwa wa kijiji, katikati, akawaambia: "Ba Papa, tutembee ule mupaka pamoja. Pale mutakubaliana, miye nitafinya simu, na simu itashika ile pahali. Kisha nitachora ramani, watu wote wataiona, na itaisha." Wakakubali, juu ya kuchoka. Nilikuwa pale siku ya kutembea. Papa Callixte alikuwa anasimama pahali muti wa mwenzi ulikuwaka, anapiga fimbo chini: "Hapa." Baba yangu anaangalia, anakohoa: "Hapa." Kuko pahali walibishana mpaka mate ikaruka, lakini walimaliza. Emérita alikuwa katikati yao na simu, na alipofika ku ile kovu alitembea bila kuinua macho.

Akaingiza yote mu mashini. Baba yangu mwenyewe alienda kuiona mu kinyumba, ku ile ka-ekra ya mraba. Akakuta shamba yetu, ya rangi ya kijani, inashuka kutoka juu ya kilima mpaka ku mugezi, ule muto wa chini, ndefu na nyembamba. Na ya Papa Callixte, ya njano, imelala kuikata kilima. Akasema: "Njo yenyewe." Sasa ilibaki tu kuionyesha mbele ya watu wote, kila upande useme ndiyo, na kapita aifunge. Lakini kijiji nzima haiwezi kuangalia ka-ekra ya namna ile. Tukamuomba Noël televizyo yake. Noël anaonyeshaka mupira hapa Kashebere, iko na televizyo moja pana, bapa, yenye anailinda kuliko meno yake.

Tulikutana mu shapele, kanisa ndogo ya hapa, mchana. Mbingu ilikuwa imeziba tangu juzi na plaki hazikukula jua ya kutosha. Emérita alileta mashini, batri yake na ile kisanduku ya kugeuza umeme, Fiston akavibeba ku piki-piki. Watu wa Kibabi walikaa ku mabenchi ya kushoto, siye ku ya kuume, sawa vile tunakuja kugawana mbingu. Miye nilikuwa mbele na Naomie ku magoti. Naomie ni mutoto wa Emérita na Fiston, iko na miaka mine, na hapo alikuwa anauliza kama mupira itaanza saa ngapi.

Sasa musikilize vizuri, juu hapa njo taabu ilitoka. Siye wenye tunaishi na batri, tuko na desturi yetu. Ekra inakunywaka batri kuliko mashini. Kwa hiyo tunawashaka kwanza mashini, inaamuka yenyewe mu giza, na ekra inawashwa mwisho, kazi ikiwa tayari. Kila muntu mwenye alisharushaka film huku anajua vile. Ukiwasha ekra mbele, watakuita mwana wa tajiri. Emérita akasema: "Noël, ungoje niseme." Mashini ikaamuka, akafungua ramani kwa kuhesabu vidole tu, bila kuona, juu amezoea. "Sasa!" Noël akawasha televizyo.

Ramani ikatokea. Mistari ile ile, rangi ile ile. Lakini shamba yetu ilikuwa imekuwa fupi na nene, inaonekana sawa mugezi umesogezwa karibu. Na ile ya Papa Callixte imejinyoosha kutoka pembe moja ya televizyo mpaka ingine. Mabenchi ya kuume ikaanza kunong'ona. Baba yangu akasimama pole pole.

"Hii si yenyewe."

"Papa, ni ile ile," Emérita akasema. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anaangalia televizyo na macho ya kutoelewa.

"Ile nilionaka kwako ilikuwa ingine! Macho yangu haijakufa! Uko na ramani mbili, moja ya kunifurahisha, ingine ya kunikata!"

"Ni moja tu, Papa, ninaapa."

Na pale, wakati bado kungekuwa namna ya kutuliza, Papa Callixte akasimama ku upande wake. Tangu kilima ishuke sijaona meno yake. Ile siku niliyaona. Akasema: "Hii njo yenyewe. Njo hivi hasa." Mawe, mama wee! Nilitaka kumutupia sandale. Muntu mukubwa, anaona binti yake anachomwa, na anaongeza kuni.

Baba yangu akageuka kwa kapita, akainua mukono. "Mutoto wa nyoka ni nyoka. Ninasema mbele yako na mbele ya Mungu: kama hii ramani inabaki hivi, leo huyu muke anarudi kwa baba yake. Na Naomie anabaki. Mutoto ni wetu."

Kwetu, neno yenye mukubwa anasema amesimama, mbele ya kapita, si neno ya hasira yenye inaisha na usingizi. Inafanywa. Emérita alijua vile, na miye nilijua vile, na mukono yake ikashika pembe ya meza. Nikamuangalia kaka yangu. Fiston alikuwa anachunguza kofia yake ya piki-piki sawa vile kuko maandishi ndani.

"Fiston," nikasema kwa nguvu, "uko na mudomo ao uliuacha ku piki-piki?"

"Tungoje kwanza," akasema.

"Tungoje! Muke yako anafukuzwa, mutoto wako ananyanganywa, na weye tungoje! Kyeh!"

Emérita hakutusikia. Akafunga ile ramani ili aifungue upya, akifikiri pengine alifungua mubaya. Ramani ilipoondoka, nyuma yake ikatokea picha yenye iko siku zote ku mashini yake: sura ya Naomie, siku ya batizo ya mutoto wa jirani. Naomie wetu iko na sura nyembamba, ya nyanya yake wa Kibabi. Lakini ule wa ku televizyo alikuwa na mashavu ya muntu wa kula mayai kila siku. Nilikuwa na hasira, na miye nikiwa na hasira mudomo inatembea yenyewe. Nikasema: "Na huyu naye, alinenepa wapi? Hii televizyo ya Noël inanenepesha watu!"

Watu wakacheka, wa kuume na wa kushoto. Emérita akageuka. "Elisabeth, rudia."

"Ninasema mutoto wako amenenepa."

Akaangalia Naomie ku magoti yangu, akaangalia Naomie ku televizyo, akapiga mikono. "Si ramani! Ni picha yote inavutwa! Ba Papa, muangalie, hata mutoto wangu amevutwa!" Akaanza kueleza, haraka haraka, neno moja inakanyaga ingine. Kwamba picha iko na vidoti vyake, hesabu ya upana na hesabu ya urefu, na ekra iko na hesabu yake. Ile hesabu njo wanaiita rezolisyo. Zikikosana, ekra inashika ile picha na kuivuta ijae, sawa vile muntu anavuta ngozi mpaka ifike ku ukingo wa ngoma. Shamba yenye imelala inazidi kurefuka. Yenye imesimama inanenepa tu, urefu haiongezeke hata kidogo.

"Sura ya mutoto ni kitu ingine," Papa Callixte akasema, "udongo ni kitu ingine."

"Inyooshe basi," baba yangu akasema, bado amesimama. "Inyooshe tuone. Neno yangu iko pale pale."

Emérita akaingia mu kazi. Kwanza akatafuta ku liste yenye mashini inaonyesha hesabu za ekra. Ile ya televizyo haikuwa. Kulikuwa tu zile ndogo, za mraba, za zamani. Akafungua dirisha nyeusi, akaanza kuandika amri zake. Ninajua moja tu, juu aliitamka mara mingi ile siku akiuma meno: xrandr. Akaiambia mashini kwa nguvu: kuko hesabu ingine, iweke, iongeze, itumie. Alikuwa anaandika, anafuta, anaandika, na muguu yake inapiga chini. Mabenchi ikaanza kukohoa. Mutoto wa muntu akaanza kulia. Akafinya ya mwisho.

Televizyo ikawa nyeusi. Kisha ikaandika kifaransa: *Signal non pris en charge*, maana yake hii picha haiwezi kuionyesha.

"Ameiua!" muntu akalalamika.

"Televizyo yangu!" Noël akaruka. "Emérita, Jumapili kuko mupira! Watu watatoka mpaka Ntoto kuiangalia!"

"Haijakufa, Noël, inakataa tu, kaa chini!" Akazima mashini, akaiwasha tena. Picha ikarudi, imevutwa vile vile, Naomie na mashavu yake. Na pale ile kisanduku ya kugeuza umeme ikaanza kulia: tii, tii, tii. Kila muntu huku anajua ile kilio. Batri inasema kwaheri.

Miye nilikuwa nimemuacha Naomie ku benchi, nimeinama karibu na Emérita, ninashikilia kable isitikisike. Kwa hiyo nilisikia. Papa Callixte alikuja nyuma yake, akainama, akasema pole pole: "Binti yangu, wacha. Wacha vile iko."

"Papa, si kweli vile iko."

"Ile kilima ilinikulia bibi. Wacha inilipe."

Emérita akaacha kuandika. Nilimuona machozi inajaa, haianguki. "Papa," akasema, "nikiacha hivi, ninapoteza Naomie."

"Utakuja nyumbani. Nyumba iko wazi."

"Na Naomie?"

Papa Callixte akamugeuzia mugongo, akarudi ku benchi yake. Nilimuona Emérita anapangusa macho na mugongo wa mukono, sawa muntu mwenye amemaliza kungoja kitu. Akageuka kwa Noël.

"Noël. Televizyo uliiwasha saa gani?"

"Uliposema niwashe. Mwisho. Kama siku zote."

"Na sasa hivi, niliporudilia kuwasha mashini?"

"Niliizima kwanza, nisimalize batri. Kisha nikawasha. Kama siku zote! Miye ni mujinga?"

Emérita akajipiga ku paji. "Mawe! Ni siye wenyewe!" Akasimama, akawaambia watu wote, na safari hii maneno yake ilitoka pole pole. Mashini ikiamuka, inaulizaka ekra: weye uko na upana gani? Ekra ikiwa imezimwa, haijibu. Basi mashini inabahatisha, inachukua ile hesabu ya mraba ya zamani. "Ku nyumba ekra yangu ni ya mraba. Kwa hiyo ikibahatisha, inapata. Miaka hii yote ninaiamsha mu giza, inauliza, hakuna mwenye anaijibu, na miye sijui. Televizyo inapashwa kuwa macho mbele."

"Mbele ya mashini?" Noël akashika kichwa. "Na hii batri yenye inalia? Itaizimisha katikati!"

Alikuwa anasema kweli. Batri ikikatika, hakuna ramani, hakuna mukutano, na neno ya baba yangu inabaki imesimama. Emérita akaangalia batri, akafuata nyaya na macho, na pale akaona. Ku ralonji yake, ile waya ya matundu mingi, kulikuwa simu. Simu za kuume, simu za kushoto, hata simu ya kapita! Watu walikuja ku mukutano wa mupaka na wakaona bahati ya kuchaji bure. Siye watu wa huku, hata ku mazishi, tukiona tundu ya umeme tunachomeka.

Hakusema kitu. Njo Fiston akasimama, mwishowe. Akatembea mpaka ku ralonji, akazing'oa zote, akazitupa ku benchi bila kuuliza ni ya nani. Muntu akanung'unika. Fiston akamugeukia: "Funga mudomo. Ni batri ya muke yangu." Nilimusamehe nusu.

Ile kilio ikapungua, haikuisha. "Noël, washa," Emérita akasema. Televizyo ikawaka, bluu, tupu. Tukaiangalia inakunywa batri bure, na ninawaambia, iliuma, juu hakuna muntu wa huku mwenye anaweza kuona vile moyo ikatulia. Kisha akafinya mashini. Nikarudi ku benchi, nikapakata Naomie tena, tukangoja. Tii, tii. Baba yangu amesimama. Papa Callixte anaangalia magoti yake. Emérita alikuwa anazunguka meza, anarudi, anazunguka tena, mukono moja ku mudomo. Televizyo ikawa nyeusi kidogo, na mama moja wa Kibabi akasema "Yesu" pole pole.

Kisha Naomie akatokea. Mwembamba. Sura ya nyanya yake.

"Ni miye!" Naomie wa ku magoti akaita, na shapele ikapumua. Emérita akafungua ramani haraka. Shamba yetu ikashuka kutoka juu mpaka ku mugezi, ndefu, nyembamba. Ya njano ikarudi pahali pake. Baba yangu akaikaribia, akaifuata na macho, mustari kwa mustari. "Njo yenyewe," akasema. Mabenchi ya kuume ikapiga mikono.

Ya kushoto haikupiga. Papa Callixte alikuwa amesimama. "Nilikuzaa," akamwambia binti yake, "nikakusomesha. Na leo umenikata mbele ya wakwe."

Nilifikiri atanyamaza. Kwa baba yake hajajibishaka hata siku moja. Lakini Emérita akageuka, akaacha mashini na batri yake, na akasema kwa sauti ya kila muntu kusikia: "Sikukukata, Papa. Ulipiga fimbo weye mwenyewe, hapa, na hapa, na hapa. Na ile kilima haitalipa mama. Hata ukipewa yote mpaka Walikale, haitamulipa. Unafikiri ni weye tu unamulilia? Ile kovu ni miye niliichora. Na vidole vyangu. Nilikuwa ninajua ninachora nini."

Sasa machozi ilianguka, na hakuipangusa. Ku ramani, katikati ya kijani na njano, kulikuwa ile pahali ya kijivu, na mustari wa mupaka unapita ndani yake. Mashamba yote ilikuwa na majina, mugezi ulikuwa na jina, njia ilikuwa na jina. Ile kijivu haikuwa na kitu.

"Mbona hukuandika kitu pale?" Papa Callixte akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sikuweza."

Akatoka ku benchi, akapita mbele ya watu, akaweka kidole ku televizyo, ku ile kijivu. Noël hata hakulalamika. "Andika jina yake."

Emérita akaandika. Herufi moja, moja, yeye mwenye vidole vyake vinakimbiaka. THACIENNE. Baba yangu aliisoma, kisha akasema, na akamuangalia Papa Callixte mara ya kwanza tangu miezi mingi: "Pale hakuna muntu wa kwangu atalima."

"Hata wa kwangu," Papa Callixte akajibu.

Kapita akauliza kuume, mikono ikapanda. Akauliza kushoto, ikapanda. Akasema mupaka umefungwa, na mwenye atang'oa mwenzi moja atajua kapita ni nani. Baba yangu akakohoa. "Na neno yenye nilisema mbele," akasema, "ninairudisha. Muke wetu, funga vyombo yako, twende nyumbani."

Emérita akazima mashini, akazima televizyo, akazungusha kable ku mukono. Akafanya yote pole pole. Kisha akakuja kwangu, akachukua Naomie, akamufunga ku mugongo na kikwembe.

"Papa Floribert," akasema, "miye ninaenda kwanza Kibabi na baba yangu. Tangu mama aende, hakuna mwenye anamuwashia moto."

"Na mutoto?"

"Na mutoto."

Baba yangu akafungua mudomo. Akaniangalia miye, akaangalia Fiston, na Fiston akatikisa kichwa: hapana, Papa. Akaufunga. Emérita akapita mbele yake, akamusalimia kwa heshima, akatoka na baba yake ku njia ya kupanda, na mvua inaanza. Hakuna muntu wa kwetu mwenye alimuita kumurudisha. Alirudi kwetu Jumatano, siku yenye alichagua yeye mwenyewe.